Damu ya Kichwani, Miezi Sita

Januarius Mwandu alikuwa na sheria yake moja ndani ya sheria za nchi: jeraha moja, adhabu moja. Katika mahakama ya mwanzo aliyoiongoza kwa miaka kumi na mitatu, upande wa Kasoli, aliyempiga mwenzake kofi alitozwa faini. Aliyetoa jino alikwenda ndani miezi mitatu. Aliyepasua kichwa damu ikatoka, miezi sita. Aliyevunja mfupa, mwaka mzima. Zaidi ya hapo hakuuliza. Hakutaka kujua nani alianza kutukana, nani anauguza mama yake, nani ni mzee wa kanisa. Aliangalia fomu ya polisi iliyojazwa na mganga, akaangalia kidonda, akaandika.

Sheria ya nchi haikumwagiza hivyo. Kwa shambulio la kudhuru mwili, sheria iliweka ukomo wa juu tu. Chini ya ukomo huo ilimwachia hakimu nafasi kubwa ya kupima. Angeweza kufunga, kutoza faini, kuamuru fidia, au kumwachilia mtu kwa sharti kwamba asirudie. Nafasi hiyo ndiyo aliyoiogopa Januarius.

Alikuwa na sababu. Mwaka 1987, akiwa mgeni kazini, vijana wawili waliletwa mbele yake katika majuma mawili yanayofuatana, kila mmoja kwa kesi yake, akiwa amemtoa mtu jino moja. Wa kwanza alijuta, akalia, akaomba radhi mbele ya watu. Akatozwa faini. Wa pili alicheka kizimbani. Akafungwa. Kwa sheria hapakuwa na kosa lolote, kwa sababu majuto yana uzito wake. Lakini yule aliyejuta alikuwa na mjomba mwenye mashine ya kusaga, na kabla juma halijaisha gulio zima lilikuwa na habari kwamba hakimu amekula unga. Mke wake alikwenda kisimani akaulizwa na wanawake, "Mama, unga wa bure una ladha gani?"

Januarius hakuwa amekula kitu. Ndipo akachukua kalenda ya mwaka uliopita, akaigeuza, akaandika viwango vyake mgongoni kwa wino wa bluu, akaiweka kwenye droo ya meza yake.

Ni lazima mtu akumbuke miaka ile ilivyokuwa. Bariadi bado ilikuwa chini ya Mkoa wa Shinyanga, na ilikuwa miaka ya ruksa. Sukari ilirudi madukani, mitumba ikajaa kwenye magulio, na mshahara wa mtumishi wa serikali haukufika tarehe ishirini. Kila kitu kilipata bei, na wako waliofikiri kwamba hukumu nayo ni bidhaa. Mahakimu waliokula walijulikana kwa pikipiki zao. Januarius alikuwa na baiskeli iliyofungwa kanyagio kwa waya, na viatu jozi moja alivyovivua akipita kwenye tope. Mtu wa namna hiyo anastahili heshima, nami sitamnyima.

Lakini viwango vyake havikukaa ndani ya droo. Watu si wajinga. Baada ya miaka michache walishavijua kama wanavyojua bei ya chumvi. Vijana kwenye gulio walitaniana navyo.

"Leta shavu hilo! Kofi ni elfu tatu tu, ninazo hapa."

"Piga. Halafu mimi nikutoe jino nikapumzike miezi mitatu nikila ugali wa serikali."

Mwaka 1994 wanunuzi binafsi wa pamba walipoingia, wakala mmoja alimpiga kibao mkulima aliyehoji mizani yake. Siku ya kesi alikuja na faini tayari mfukoni, akamwambia karani, "Dada, andika risiti kabisa, nina gari linanisubiri." Januarius alisikia. Uso ulimbadilika. Kisha akamtoza faini ileile, kwa sababu kofi lilikuwa kofi.

Hapo angepaswa kushtuka. Kipimo alichokitengeneza ili haki isinunuliwe kilikuwa kimeigeuza kuwa duka. Hakushtuka, au alishtuka akanyamaza. Mwaka uliofuata akaletwa Milembe.

Milembe alikuwa binti wa Masunga wa Mkula, mfugaji. Aliolewa na Sayi, mkulima wa pamba, kwa ng'ombe kumi na mmoja, akamzalia watoto wawili: Joyness, aliyekuwa na miaka minane, na mdogo wake wa kiume wa miaka mitano. Sayi alikuwa mtu wa kupiga. Zamani chama cha ushirika kilipokawia kulipa, alipiga kwa kukosa. Wanunuzi binafsi walipoanza kulipa papo hapo, alipata, akanywa, akapiga. Sisemi kwamba soko huria ndilo lililompiga Milembe. Mkono ulikuwa wa Sayi.

Julai 1995 aliuza pamba yake, akakaa kilabuni siku tatu. Siku ya nne, saa saba mchana, alirudi akitaka maji ya kuoga. Joyness alichelewa na ndoo. Sayi akamwangusha, akavunja fimbo ya mkaratusi na kuanza kumchapa pale chini. Milembe alikuwa anatwanga mahindi. Aliutoa mchi kwenye kinu akampiga mumewe kichwani, mara moja. Sayi alishonwa nyuzi saba. Kaka yake mkubwa, Luhaga, ndiye aliyempakia kwenye baiskeli kumpeleka polisi kabla hata hajapelekwa kwa mganga.

Mahakamani Milembe alisomewa shtaka akaulizwa kama ni kweli au si kweli.

"Ni kweli," alisema. "Nilimpiga. Mtoto alikuwa chini."

"Una la kusema kabla mahakama haijatoa adhabu?"

"Nina watoto wawili."

Januarius akauliza, "Na lingine?"

"Hilo tu, Bwana Hakimu."

Sayi, kichwa kimezungushiwa bendeji, aliomba naye aseme. "Mheshimiwa, mimi sitaki afungwe sana. Nataka aheshimu." Watu wakacheka. Luhaga akamvuta shati, akamkalisha.

Kesi iliahirishwa hadi kesho yake kwa ajili ya adhabu, Milembe akiwa nje kwa dhamana. Januarius akaingia chumbani na wazee wa baraza wawili waliokaa naye. Kwa wasioijua mahakama ya mwanzo: wazee hao si mapambo. Hakimu ana kura moja, na kila mzee wa baraza ana kura yake, katika hatia na katika adhabu. Wakitofautiana, wengi ndio wanaoshinda.

Mmoja alikuwa Mahona, mzee wa makamo ya juu, mfugaji, jirani wa Sayi. Wa pili alikuwa Benedikta, mjane Mkatoliki aliyelima mpunga na mahindi na kusomesha watoto wanne.

"Damu ya kichwani," Mahona alisema akinyoosha miguu. "Miezi sita. Twende nyumbani."

"Mimi nasema aachiliwe kwa masharti," Benedikta alisema.

"Mama Benedikta, nyuzi saba!"

"Nimeziona. Na huyo Sayi amempiga Milembe mara ngapi? Wewe ni jirani, Mzee Mahona, unasikia."

"Mume kupiga nayo ni kesi?"

"Ndiyo maana haijawahi kufika hapa."

Mahona alicheka kidogo, bila ubaya. "Mke akimpiga mume kwa mchi leo, kesho atachukua shoka. Mimi mwenyewe nina mchi nyumbani."

"Basi muogope aliyeushika," Benedikta akamjibu. Kisha akamgeukia Januarius, na sauti ikashuka. "Bwana Hakimu, miezi sita ya mwanamume na miezi sita ya mwanamke haiko sawa hapa kwetu. Wewe ni mtu wa hapa, unajua. Mwanamume akifungwa anarudi anakuta nyumba yake. Mke akifungwa, ukoo wa mume unakwenda kwa baba yake kudai ng'ombe. Watasema, serikali yenyewe imeona kosa ni la mwanamke. Ng'ombe wakirudi, ndoa imekwisha, na watoto wanabaki kwa baba. Umesikia alichosema? Hakuomba kusamehewa. Alisema ana watoto wawili. Anajua kinachokuja."

 Januarius aliyajua yote hayo. Alizaliwa katika boma la ng'ombe, na dada yake mwenyewe aliwahi kurudishwa. Mkosaji huyu alikiri mara moja. Hakuwa na kosa la nyuma. Alimpiga mtu aliyekuwa anamchapa mtoto. Kama nafasi ya kupima iliwekwa kwa ajili ya yeyote, iliwekwa kwa ajili ya huyu.

"Mama," alisema hatimaye, "nafikiri uko sawa. Kesho nitaandika aachiliwe kwa masharti ya mwaka mmoja."

Mahona akainua mabega. "Mko wawili. Mimi ni nani?"

Benedikta alikwenda kwake akiamini kwamba jambo limekwisha.

Asubuhi, jua likiwa limeshapanda na wanawake wamejaa kisimani, Masunga baba wa Milembe alifika nyumbani kwa hakimu. Alikuwa ametoka Mkula, amepanda lori la pamba hadi Bariadi, na kutoka hapo ametembea. Alikuwa na beberu mweusi mkubwa, akamfunga kwenye mti wa kivuli mbele ya mlango.

"Mwangaluka, bhabha," alimwamkia kwa Kisukuma, akimwita baba na kuinamisha kichwa, ingawa alimzidi hakimu umri.

"Mwangaluka. Mhola?"

"Mhola. Nimekuja kukusalimu. Mimi ni baba yake Milembe."

Januarius alimtazama beberu. "Mzee, huyu ni wa nini?"

"Ni wa salamu."

"Mfungue uondoke naye."

Masunga alistaajabu. Kwao mtu haendi kwa mkubwa mikono mitupu. Angeona haya. Hakuwa amekuja kununua kitu. Alikuwa amekuja kumwombea mwanawe, na maombi huwa na mbuzi. Alimtazama hakimu usoni, akaona hasira, akaielewa kwa namna moja tu aliyoweza.

"Kama ni mdogo, sema," akanong'ona. "Nyumbani kuna ndama."

"Mfungue, nimesema!"

Sauti ilifika kisimani. Wanawake wakageuka. Mmoja akasema kwa nguvu, makusudi, "Leo kwa hakimu wanakula nyama!" Na vicheko vikafuata, vilevile vya mwaka 1987. Masunga akamfungua beberu, akaondoka naye barabarani mbele ya macho ya kijiji kizima, akiwa haelewi alichokosea.

Kulikuwa na njia ya halali hapo, na Januarius aliijua. Angeandika kwenye jalada kwamba ndugu wa mshtakiwa amemletea mbuzi, akamkataa, na kwa hiyo anajitoa, kesi ipangiwe hakimu mwingine. Ingechukua majuma mawili. Milembe angebaki na dhamana yake. Au angeingia mahakamani, akasema wazi kilichotokea, kisha akatoa adhabu aliyokwisha kuiona kuwa ya haki, na kuwaacha watu waseme watakayosema. Hiyo ya pili ndiyo kazi ya hakimu. Ndicho anacholipiwa, hata kama analipwa kidogo.

Aliingia mahakamani saa nne. Mahona akatoa maoni yake: miezi sita. Benedikta akatoa yake: aachiliwe kwa masharti. Akamtazama Januarius, akisubiri.

"Miezi sita," Januarius alisema, bila kuinua macho kutoka kwenye karatasi.

Benedikta hakupiga kelele. Aliomba sababu zake ziandikwe zote kwenye mwenendo wa kesi, neno kwa neno, na hakugusa kalamu ya kutia sahihi mpaka karani alipomsomea. Nje alimngojea Januarius penye ngazi.

"Jana ulikuwa umeona."

"Mama, uliwasikia kisimani. Ningemwachilia leo, ingekuwa mbuzi amemwachilia."

"Mbuzi amekwenda zake, Bwana Hakimu. Wewe ndiye umemfunga."

 Luhaga ndiye aliyebaki mpaka mchana, akaomba nakala ya hukumu kwa niaba ya Sayi. Ni haki ya mlalamikaji. Hukumu ilikuwa kurasa mbili, karani akainakili kwa mkono na kuipiga muhuri kabla ya kufunga ofisi.

Rufaa ilikuwa jambo jingine. Benedikta alikwenda gerezani juma la pili, akamwomba askari karatasi, akamwandikia Milembe sababu za rufaa kwa maneno yake mwenyewe, Milembe akaweka dole gumba. Rufaa iliingia ndani ya siku thelathini. Lakini mahakama ya wilaya haisikilizi rufaa bila mwenendo mzima wa kesi kupigwa chapa. Taipureta ya mahakama ya mwanzo ilikuwa haina utepe. Utepe ukaombwa Bariadi. Bariadi wakaomba Shinyanga. Agosti ikapita, Septemba ikapita. Januarius aliandika barua mbili za kukumbusha. Katika barua zote mbili alitaja utepe. Hakutaja dhamana wakati wa rufaa, ambayo mfungwa ana haki ya kuiomba, na hapakuwa na mtu wa kumwambia Milembe kwamba haki hiyo ipo. Benedikta naye hakuijua.

Katikati ya Septemba Luhaga na ndugu wanne walifika kwa Masunga, Mkula. Walikaa, wakapewa maji, wakasalimiana kama desturi. Kisha Luhaga akatoa ile nakala yenye muhuri, akaitandaza juu ya goti.

"Bhabha, hatukuja kugombana. Kosa si letu tena kulisema. Serikali imeandika."

Masunga hakujua kusoma. Alimwita mwalimu wa jirani amsomee. Mwalimu akasoma: mshtakiwa ametiwa hatiani, kifungo miezi sita. Maoni ya Benedikta hayakuwa kwenye nakala ile. Yalikuwa kwenye mwenendo, ambao ulikuwa bado unangoja utepe. Wazee wa koo mbili wakahesabu. Ng'ombe kumi na mmoja wa mahari, wakatoa wawili kwa kila mtoto, wakabaki saba. Saba wakaswagwa kuelekea kwa Sayi siku hiyohiyo, kwa amani, bila mtu kuinua fimbo. Kwa kutoa wale wanne, watoto walikuwa wamekwisha kulipiwa. Walikuwa wa Sayi.

Rufaa ilisikilizwa Bariadi katikati ya Novemba. Hakimu wa wilaya alitoa hukumu fupi. Alisema mahakama ya rufaa haigusi adhabu kwa sababu tu yenyewe ingetoa nyingine. Inaigusa pale ambapo hakimu wa chini amefuata msingi usio sahihi, au adhabu imezidi mno. Alikubali kwamba ni jambo jema watu wenye makosa yanayofanana wapate adhabu zinazofanana, la sivyo wananchi watapoteza imani. Lakini makosa hayafanani kwa sababu vidonda vinafanana. Hakimu, aliandika, anampima mtu aliyesimama mbele yake, pamoja na tendo lake na sababu yake. Aliyejiwekea kiwango kimoja na kukataa kutazama mengine hakutoa adhabu kali wala nyepesi. Ameacha kutumia uamuzi aliokabidhiwa. Akanukuu maneno ya Benedikta kuwa ndiyo pekee katika jalada lile yaliyofanya upimaji huo. Akaamuru mrufani aachiliwe mara moja.

Milembe alikuwa amekaa gerezani siku mia moja na kumi na moja. Kwa punguzo la theluthi moja ambalo kila mfungwa mwenye nidhamu hupata, angetoka mwenyewe siku tisa baadaye.

Benedikta alimpokea getini. Milembe aliuliza jambo moja.

"Ng'ombe?"

"Walikuja kuwachukua Septemba, mayu."

Alitikisa kichwa, akafunga khanga vizuri, wakaanza kutembea. Alikwenda kwanza kwa Sayi. Luhaga alimpokea uani, akamwonyesha Joyness kwa mbali, akamwambia kwa upole kwamba hapa si kwake tena. Milembe alitoa nakala ya hukumu ya rufaa. Luhaga akauangalia muhuri wake.

"Hii inasema wamekutoa. Haisemi ng'ombe warudi."

Alikuwa sahihi. Mahakama ya wilaya ilikuwa imefuta adhabu. Hatia ilibaki palepale, kwa sababu Milembe mwenyewe alikiri kweli tupu. Na hata ingefuta yote, hakuna hakimu aliyeombwa kuamua habari za ng'ombe.

Januarius aliisoma hukumu ya rufaa ofisini peke yake. Hakuadhibiwa na mtu. Rufaa si mashtaka dhidi ya hakimu. Juma lililofuata alimwendea Benedikta shambani, akasimama kwenye jaruba akiwa na viatu mkononi.

"Mama, nimekuja kukuambia kwamba nilikosea."

"Najua," Benedikta alisema, bila kuacha kupalilia. "Umemwambia Milembe?"

"Bado."

"Basi umekuja shamba ambalo si lenyewe."

Hakwenda Mkula, kwa Masunga, alikorudi Milembe. Aliona haya, na miezi ilivyopita haya ikawa ngumu zaidi kuibeba. Kesi zake baada ya hapo alizipima moja moja. Wachache walisema ameanza kula, wengine walisema amezeeka. Alivumilia. Mwaka 2000 alistaafu, akarudi kulima, na hadi leo katika tarafa ile hakuna anayeweza kusimama aseme alimpa Januarius Mwandu kitu akakipokea. Kwa hilo alikuwa mtu mwadilifu kuliko wengi wa rika lake. Lakini siku ile alipopaswa kuchagua kati ya haki ya mtu mwingine na jina lake mwenyewe, alichagua jina.

Jina hilo liligharimu siku mia moja na kumi na moja za Milembe na ng'ombe saba wa Masunga. Joyness na mdogo wake walilelewa na mke wa pili wa Sayi, na Milembe hakulala nao nyumba moja tena.